Niliandika "Tupu" Bila Kusikiliza

Nilikosa. Naanza na hiyo, juu miaka yote hii nimekuwa nikianza na sababu, na sababu hazijanisaidia kitu. Nilimufutia muzee mumoja sauti ya bibi yake wa ndoa, sauti ya mwisho, kisha nikamudanganya uso kwa uso. Macho yake ilikuwa haioni tena. Yangu ilikuwa inaona muzuri kabisa.

Jina langu sitataja. Niko mwanamuke wa Uvira, kule Kongo, na wakati ile nilikuwa na miaka makumi mbili na tatu. Vita ya pili ilikuwa inawaka kwetu, na mi nilikuwa nimeshafika huku Malawi, mu kambi ya Dzaleka. Nilijua kupiga mashini ya kuandika tangu masomo, njo maana Amayi mumoja, vile huku banaita mama, wa Biwi, ku Lilongwe, akanipa kazi mu duka lake la kuandikia bantu barua. Juma yote niko Biwi, Jumamosi narudi kambini kuimba mu korale. Mama yangu alikuwa ananiita Mbio-Mbio. Najua methali munataka kuniambia sasa. Nilishaambiwa.

Yule muzee tulimuita Papa Mwalimu. Kule Uvira alifundisha kuimba, na ku Dzaleka njo alianzisha korale yetu. Ile muziki ya Bazungu ya zamani, ya ogani na violo na bantu mia banaimba pamoja, aliipenda kuliko chakula. Kwetu kulikuwa padri mwenye sahani za santuri za hiyo muziki, na Papa Mwalimu alizinakili ku kasete pole pole, mwaka kwa mwaka, mpaka kasete makumi sita na moja. Ku kila moja aliandika na mukono wake.

Vita ya kwanza ilimukuta yeye mu safari. Alikimbia na njia yake, bibi yake Mama Furaha akabaki ku nyumba na binti yao, Furaha. Miaka ikapita, hakuna hata salamu. Bantu balimuambia asijilaumu, yeye anaitika, "Ndiyo, ndiyo." Kisha mukikaa kidogo anauliza ile ulizo yake: "We unawaza alinikasirikia?" Aliuliza pastere, aliuliza majirani. Mi aliniuliza siku moja nikiwa namuchambulia maharagi, na nikamujibu, "Hapana, Papa," vile muntu anajibu ili mazungumuzo iishe.

Kisha sanduku ya bati ikafika. Mama Furaha alikuwa amevuka ziwa mpaka Tanzania na ile sanduku ku kichwa. Aliacha sufuria, aliacha mablanketi, akabeba kasete za bwana yake. Muntu mwenye aliileta alikuwa na haraka ya kuendelea na safari. Alisema tu: bibi yako alikufa na malaria mu kambi ya kule Tanzania, na hii ni yako.

Papa Mwalimu hakuifungua. Miezi mingi aliweka maji ya kunywa juu yake, kama meza. Siku moja akaniita.

"Mwanangu, mi siwezi kuingia mu ile sanduku peke yangu. We utaingia mbele. Uniandikie liste mu ile kompyuta yenu, juu macho yangu haisomi tena maandiko. Weka namba, muntu mwenye alitunga, kipande, upande wa kwanza, upande wa pili, na hali yake. Lakini sikiliza. Upande wa pili mingi iko tupu, sikuwa naijaza. Hata vile, sikiliza yote. Usiandike kitu chenye sikio yako haijapita."

Nikasema sawa. Neno "sawa" ni rahisi.

Mu kompyuta ya Amayi kulikuwa program moja ndogo ya vyumba-vyumba, kama daftari ya mwalimu ya kuitia batoto majina. Kila kasete musitari wake. Kila juma nilibeba kasete kumi mu sakoshi, napiga ku redio ya duka huku natumika. Bakristo bangu, ile kazi ilikuwa ndefu. Nusu saa ya ogani, unageuza, nusu saa ya shhhh. Amayi aliuliza kama mu duka lake kuko maliro, kama nani amekufa. Lakini majuma mbili ya kwanza nilifanya na roho safi. Kasete kumi na tisa nilisikiliza pande zote. Upande wa pili wa zote kumi na tisa ulikuwa shhhh tu.

Bon. Jumapili ya sikukuu ya korale ilikuwa karibu, na mi nilitaka ile liste isomwe mbele ya kanisa. Sisemi uongo hapa. Nilitaka kupigiwa mikono. Msichana anatoka mujini na karatasi ya kompyuta, namba zimenyooka, majina ya Bazungu yale ya kuvunja ulimi iko sawasawa. Nilishaona hata nguo nitavaa.

Sasa ile program ilikuwa na ujanja wake. Unaandika neno mu chumba kimoja, unavuta chini, neno inajirudia mpaka mahali unataka. Ilikuwa saa sita ya muchana, Amayi ameenda kula nsima. Majina nilishayanakili ku maandiko ya muzee. Nikaandika "tupu" ku namba makumi mbili, upande wa pili, nikavuta. Tupu, tupu, tupu, mpaka makumi sita na moja. Nikacheka peke yangu, nikajiona niko na akili kushinda bazee bote ba dunia.

Na nilijua! Hiyo njo inaniumiza. Sisi bakimbizi bote tulijua kasete ni barua. Muntu hajui kuandika, anaazima redio, anaongea, anatuma na musafiri. Mama yangu mwenyewe alinitumia sauti yake vile, juu ya kasete ya mahubiri. Nilijua, na sikujiuliza hata mara moja.

Jumapili liste ikasomwa. Mikono nilipigiwa. Papa Mwalimu alishika zile karatasi, akazipapasa, akazinusa. Akasimama akasema mbele ya bantu: "Kama pande hizi ziko tupu, korale izitumie. Turekodi nyimbo, tuwatumie bandugu betu ba kanisa kule Area 36 ya Lilongwe, nao bafarijike."

Mi njo nilichagua kasete, na liste mukononi. Nilichukua moja tu, namba makumi tatu na ine. Juu yake aliandika zamani: Ogani, Jumapili asubuhi. Tukajipanga mbele ya redio. Papa Mwalimu akatafuta kifungo cha kurekodi na kidole, pole pole, akakipata, akabonyeza yeye mwenyewe. Akaniitikia na kichwa nianze. Solo ya kwanza ilikuwa yangu.

Mwezi moja ikapita, barua ya Furaha, ule binti yake, ikafika kutoka Tanzania. Tangu sanduku ifike alikuwa anamuandikia papa yake, na barua zake zote mi njo nilikuwa namusomea muzee. Tulikaa ku kivuli cha nyumba yake, akaweka mikono ku magoti, nikaanza. Salamu, afya, kazi ya kulima mashamba ya bantu. Kisha macho yangu ikakutana na maneno haya:

"Papa, natumaini ulishasikia sauti ya mama. Aliongea ku upande wa pili wa ile ya ogani, ya Jumapili asubuhi. Alinitoa nje, akasema haya ni maneno ya bibi na bwana yake. Aliongea mpaka kasete ikaisha."

Nilisoma "Papa, natumaini", nikaruka, nikaangukia ku "mvua ya huku ni mingi."

Papa Mwalimu akauliza, "Umefika mwisho?"

"Ndiyo, Papa."

"Hakuna neno ya mama yake?"

"Hakuna, Papa."

Alifunga macho, hata kama haikuwa inamusaidia kitu tena. Akaniomba nichukue kalamu. Akanisemea jibu, na mu lile jibu kulikuwa ulizo moja tu: Furaha, usinifiche, mama yako alikufa akinikasirikia? Nikaandika neno kwa neno. Ile barua sikuituma. Ilikaa mu sakoshi yangu mpaka pembe zake zikalainika.

Kosa la kompyuta lilikuwa uvivu. Hili lingine sijui niliite nini.

Jumatatu nikapanda kabaza, baisikeli ya kukodi, mpaka Area 36, kwa Mama Elena, mwenye alikuwa anauza samaki ndogo za ndagala sokoni na anaongoza bandugu ba kule.

"Mama, nimekuja kuchukua ile kasete. Kuko kosa kidogo mu wimbo, tunataka kurekebisha."

"Kosa gani? Sisi tunalia nayo kila siku." Akaitoa mu kitambaa. "Hii sauti ya kwanza ni ya nani? Inaniingia mpaka hapa."

"Ni ya dada mumoja wa korale," nikasema.

Nikaisikiliza Biwi, muchana, sikio ku redio. Sauti yangu, kisha korale, kisha korale, wimbo ku wimbo. Tuliimba sana siku ile, hatukuacha nafasi. Mwisho kabisa, mahali tulichoka, ikatokea sauti ya mwanamuke mukubwa. Sekunde tisa. Nilizihesabu ku saa ya Amayi. Kisha klak, kasete imefika mwisho.

Musomaji, ningeipeleka siku ile ile, labda leo singekuwa naandika. Nikaificha chini ya karatasi za duka. Juma moja, mbili, saba. Kila Jumamosi Papa Mwalimu anauliza, "Furaha hajajibu?" na mi namujibu, "Njia ni mbaya, Papa."

Barua ya pili ilifika siku ya tatu ya juma, mi niko mujini. Aliisoma jirani yake, Mama Chantal, Murundi fundi wa kushona, mwenye anasoma pole pole na haruki kitu. Furaha alikuwa anauliza mbona papa hasemi kitu juu ya sauti ya mama.

Jumamosi nilimukuta Papa Mwalimu amekaa mulangoni, redio ku magoti, betri za pile mupya ndani. Hakunisalimia.

"Leta."

Hakutaja ni kitu gani. Nikaitoa mu sakoshi, juu ile wiki nilikuwa nimeibeba, kila siku nasema leo, leo. Nikapiga magoti, nikamuambia yote, liste, solo, barua. Alinyoosha mukono tu. Akaweka kasete, akasikiliza kutoka mwanzo. Nilimuomba aende mbele moja kwa moja, akakataa. Nusu saa tulikaa pale tukisikiliza mi naimba. Mara moja akasema, "Hapo ulishuka." Ni kweli, nilishuka.

Kisha bibi yake akatokea.

"Furaha! Maharagi inaungua!" Akacheka, kicheko cha tumbo. "Unasikia vile nakufanyia kelele mu muziki yako?"

Klak.

Papa Mwalimu akarudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena. Na tena. Mara ya ine akazima.

"Anacheka," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Na mbele ya hapo, kabla ya kicheko? Alisema nini mbele ya hapo?"

Mbele ya hapo ilikuwa mi, naimba.

Kisha akasema, "Muntu amekasirika anaweza kucheka mwisho, kisha kusema yote. Ao hakukasirika hata kidogo. Sasa mi nitajua wapi?" Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angenipiga.

Alinisamehe. Alisema hivyo mbele ya Mama Chantal, na alikuwa muntu wa neno lake. Lakini barua ingine hakunipa tena, mpaka alipokufa. Na Dzaleka ni ndogo. Salamu bantu balinipa, ku korale nilibaki, lakini hakuna mama aliyeniletea tena bahasha aseme, mwanangu, nisomee.

Adhabu alinipa moja. Zile kasete makumi ine na moja zenye zilibaki, nizisikilize upande wa pili, moja moja, mbele yake. Jumamosi ku Jumamosi tulikaa na shhhh, yeye amekaza sikio labda bibi yake aliongea mahali pengine. Zote zilikuwa tupu. Uongo wangu ulikuwa kweli ku kila musitari, isipokuwa moja.

Ya mwisho ilipoisha, akaniambia nirudi ku kompyuta nirekebishe liste. Akanisemea: "Namba makumi tatu na ine, upande wa pili. Futa tupu. Andika: Mama Furaha, sekunde tisa." Nikauliza mu chumba cha hali niweke nini, juu ku zingine tuliweka nzuri, ao imechakaa. Akasema, "Andika: imefutwa. Na pembeni weka jina la mwenye alifuta."

We mwenye unasoma, kama umepewa kazi ya kusikiliza, sikiliza. Na kama umeshaharibu, kimbia ukaseme siku ile ile, kabla ya muntu mwingine kusoma kile uliruka. Usingoje juma saba kama mi.

Hapa jina langu nimelificha. Mu ile liste liko, namba makumi tatu na ine, na nililiandika na vidole vyangu.