Picha ya Mama Mgonjwa

Wiki iliyopita chaja ya simu iliniharibikia, na mimi mtu wa kochi nikalazimika kutoka hadi Ngarenaro, mtaa niliokulia. Duka nililoelekezwa kumbe ndiyo ile laibrari yetu ya video. Juu ya mlango, chini ya rangi mpya ya bluu, neno TUNAKODISHA bado linasomeka. Nilitegemea nitasikia kitu moyoni. Sikusikia. Nikachukua chaja, nikarudi kulala.

Wewe ambaye kwenu mlikodi CD unajua jinsi makava yalivyotuonea. Kava lina helikopta inawaka moto, jamaa ameshika bunduki mbili, na chui pembeni. Ukifika nyumbani, ni wanaume wawili wenye tai wanaongea ofisini saa nzima na nusu. Helikopta inaonekana mara moja, imeegeshwa. Chui sijamwona mpaka leo.

Nyumbani kwetu deki zilikuwa mbili: ya kupiga, ambayo ilikuwa kazi yangu kila Jumamosi asubuhi, na ya kuwasha, ambayo sikuruhusiwa kuigusa mpaka sakafu ikauke. Jikoni mama alikuwa akipika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na harufu yake ilichanganyika na ya rangi ya magari kutoka gereji ya jirani, ambako waligonga mabati tangu kunapokucha.

Nikiwa darasa la tano, bibi mzaa baba aliletwa kutoka kijijini Akheri kutibiwa mtoto wa jicho. Daktari alitaka amfanyie upasuaji jicho moja, apumzike, ndipo lifuate la pili. Kila asubuhi bibi alikunja kanga zake na kuuliza anarudi lini kwa ng'ombe wake. Mimi nilitaka akae. Mpira sikuuweza, marafiki sikuwa nao, na yeye ndiye mtu pekee niliyemkuta nyumbani nikitoka shule. Nikimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba, mume wangu," kisha anaanza: mume gani huyu, hajui hata kukata majani ya ng'ombe.

Nikagundua kwamba Jumamosi yenye picha ya kukodi hakuulizia safari. Kwake TV ilikuwa mwanga na vivuli tu, na Kiingereza hakujua, kwa hiyo akanipa kazi ya kumweleza. Kiingereza changu kiliishia kwenye kumsalimu mwalimu. Nikatunga.

Ile ya wenye tai nilimwambia kwamba mmoja anaomba ruhusa akamwone mama yake mgonjwa, na bosi anakataa. Bibi akaacha chai ikapoa. Alimsema yule bosi kwa Kimeru, maneno ambayo mama alikataa kunitafsiria. Mwishoni jamaa alipoingia kwenye gari, nikasema anakwenda kwa mama yake.

"Amefanya vizuri," bibi akasema. Wiki nzima alimwombea yule mama kwenye sala ya jioni, na mimi nikaitikia amina.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jicho moja likawa limeshafanyiwa, la pili likisubiri. Ndipo mama, kwa nia njema kabisa, akapita laibrari akaleta picha iliyotafsiriwa, zile ambazo jamaa mmoja anasema kwa niaba ya wote, wanaume, wanawake na mbwa wao. Alitaka bibi asikie mwenyewe, na mimi nipumzishe mdomo. Simu ya ofisini mle kwenye picha ilipolia tu, nikaujua ule mlio. Bibi naye aliujua.

"Mume wangu, si ndiyo ile ya mgonjwa?"

Nikasema zinafanana tu. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kumbe wale wenye tai walikuwa wakigombania kiwanja, na lile gari lilikuwa linakwenda uwanja wa ndege. Mama akachukua vyombo akaenda jikoni.

"Kwa hiyo mama yake hakuwepo kabisa," bibi akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa kukwambia kwamba alikuwa nayo, ingekuwa rahisi kusimulia.

Jumatatu akamwambia baba jicho moja linamtosha. Baba alibembeleza, bibi akaendelea kufunga mzigo. Mlangoni akanishika kichwa. "Narudi kwa ng'ombe wangu. Wale hawajui kutunga."

Mama alicheka, akidhani ni utani wa kawaida.

Akheri si mbali, lakini mimi na kutoka nyumbani unatujua. Nilikwenda siku za likizo. Safari ya mwisho nilikuwa kidato cha nne, na lile jicho ambalo halikufanyiwa lilikuwa limeshaziba. Tulikaa jikoni kwake, moshi ukituumiza wote wawili, nikaanza kumsimulia picha: mtu mmoja amepanda gari, anakwenda mbali.

"Hiyo umeiona, au unaitunga?"

"Naitunga, bibi."

"Haya, endelea."

Nikatafuta. Sikuwa na kitu. Huyo mtu alikaa garini, barabara iko wazi mbele yake, na sikujua anakwenda kwa nani. Bibi alisubiri kuliko nilivyostahili, uso wake umenielekea. Kisha akaniambia nikawape ng'ombe maji.

Alifariki kabla matokeo yangu hayajatoka. Siku hizi picha zote zimejaa kwenye simu, zimetafsiriwa tayari. Naangalia dakika kumi, naacha, naanza nyingine. Hakuna anayeniuliza kinachoendelea.