Siku Niliyojificha Chini ya Lavabo

Nianze na aibu yenyewe ili isinisumbue mbele ya safari: mama mukwe wangu aliniona nikiwa na kaptula ya ndani tu, nimelowa maji meusi kutoka kichwani mpaka kitovuni, nimekumbatia bomba la lavabo, yaani sinki la kunawia, kama muntu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani, na nyuma yake wamesimama wanawake saba wa parokia, mmoja ana mchi. Walikuwa saba. Jirani yetu mama Feliksi anasimulia kwamba walikuwa kumi na wawili, lakini yeye alifika wa mwisho, kwa hiyo sijui aliwahesabu saa ngapi.

Hapa mtaani Kamalondo wengi wenu mmekwisha kuisikia habari hii kwa vinywa vya wengine. Mimi naiandika jinsi ilivyokuwa, pamoja na makosa yangu, na nadhani makosa karibu yote ni yangu (karibu, nitaeleza). Nilisoma kwa mapadri miaka minne tu, kwa hiyo mtanisamehe nikipotea njiani.

Kazi yangu ni mabomba ya maji. Kusema kweli wakati ule fundi alikuwa muzee Salumu, Mwislamu wa Maniema, muntu wa maneno machache na tumbo kubwa, na mimi nilikuwa nambebea funguo na kuingia mahali ambapo tumbo lake lilikataa kuingia. Tulitengeneza bafu za Wazungu kule mjini. Siku moja Mzungu mmoja akabadilisha bafu lake lote, akasema lavabo ya zamani itupwe, nyeupe, nzima, ina ufa mdogo tu pembeni, nikaiomba, akanipa, nikaifunga kwenye baiskeli na blanketi kama mgonjwa, na njia nzima nilikuwa nasalimia bantu ambao sikuwajua.

Sasa lavabo bila bonde ni bakuli lililotoboka. Bonde ni kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye tundu la chini, maji yanapita pale kwenda kwenye sifoni, yaani lile bomba lililopinda. Kwenye sanduku la vitu vya zamani, karakanani tulikofanya kazi, zilibaki bonde mbili, tukaruhusiwa kuchukua moja. Ya kwanza ilikuwa ya shaba iliyofifia mpaka ikawa nyeusi, ina msalaba wa chuma juu ya tundu, kizibo cha mpira na mnyororo. Ya pili ilikuwa inang'aa kama kikombe cha misa, na kizibo chake kilipanda na kushuka chenyewe ukivuta kijiti nyuma ya bomba. Nilikivuta kile kijiti mara ishirini pale pale.

"Ile nyeusi njo yako," akasema muzee Salumu, yaani ndiyo yangu.

"Kwa nini, muzee?"

"Hii ingine iko na fimbo ndani ya tumbo. Nywele zitashika pale. Weye unatafuta bonde ao unatafuta saa ya mukono?"

Nikacheka, nikachukua inayong'aa, nikaifunga pamoja na lavabo kwenye kichumba cha kunawia nyuma ya nyumba yetu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, haukuchukua hata muda wa kuvuta sigara moja.

Ili mwelewe kwa nini lavabo ilikuwa jambo kubwa, lazima nimtaje mke wangu Albertina, na mtoto wetu wa kwanza, Ilunga, ambaye wakati huo hakuwa amemaliza mwezi. Mama yake Albertina alikuja kwa treni kutoka Kabalo kumpokea mjukuu, na alikuja na neno lake tayari: atarudi na binti yake na mtoto, wakae kwake mpaka mtoto atembee. Kwetu hilo si neno la ajabu, wengi wamefanya hivyo. Lakini mimi nikajiona jioni nafungua mlango wa nyumba tupu, mwaka mzima, na mtoto anajifunza kucheka kwa bantu wengine. Nikamtuma Albertina amwambie mama yake kwamba hapa maji yako ndani ya nyumba, hakuna kwenda kupanga ndoo barabarani, hakuna mto wenye konokono na mamba. Mama mukwe akajibu kwamba ataangalia majuma mawili, halafu atasema. Kwa hiyo lavabo ile ndiyo ilikuwa wakili wangu, sikuwa na mwingine.

Nasema nilimtuma Albertina kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza. Sisi Baluba wa kaskazini, mwanamume na mama mukwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Akitokea njiani, wewe unaiacha njia. Si chuki, ni heshima, ila jaribuni kuishi nayo katika nyumba ya vyumba viwili na choo cha uani. Nilikuwa nakohoa kila pembe ili ajue niko wapi. Kifua kiliniuma kwa kukohoa.

Juma la pili Albertina akaniambia, "Baba Ilunga, mama anasema maji ya sahani yako ya kunawia inalala."

"Inalala namna gani?"

"Inalala. Ananawa mikono, anaenda kupika, anarudi, iko inamungoja."

Nikasema ni majani yake, yale ya kuchemsha na kumwogeshea mtoto, yameziba bomba. Albertina akauliza, "Nimwambie vile?" Nikamwambia asithubutu. Lakini moyoni nilikwisha kumhukumu mama wa watu, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Nikamwaga maji ya moto, nikaingiza waya, nikavuta kile kijiti, kizibo kikapanda nusu kikakwama. Maji yakaendelea kulala.

Basi ikafika Jumapili, na mama mukwe alikuwa aseme neno lake siku hiyo, maana treni ilikuwa Jumatatu. Baada ya misa wanawake wa parokia wakaja kumwona mtoto, wakajaa uani. Fundi wa mabomba, lavabo imeziba, na wageni wako nje: sikutaka hata mmoja ajue. Nikamwambia Albertina naenda kumsalimia muzee Salumu. Nikafika kwenye kona, nikazunguka, nikapita kwenye uwazi wa ua wa mama Feliksi, nikaingia kwa mlango wa nyuma mpaka kile kichumba cha kunawia. Nikavua suti yangu ya Jumapili, nikaitundika kwenye msumari (suti ni moja, mngefanya nini), nikabaki na kaptula ya ndani, nikaingia chini ya lavabo nyuma ya pazia la maua ambalo Albertina alilishona kuficha mabomba.

Nikafungua sifoni. Na humo nilikuta nini? Ndevu zangu. Kila asubuhi nilikuwa najinyoa pale kwa fahari, na zilijisuka kwenye ile fimbo pamoja na sabuni mpaka zikawa kama mkia wa panya. Na meno matatu ya kitana changu. Na jani moja. Naandika moja kwa sababu lilikuwa moja.

Nikiwa bado naukodolea macho ule uchafu, nikasikia ndala zinakuja. Muntu mwenye akili angesema, "Kuna muntu huku." Maneno matatu. Lakini nilizijua zile ndala, ni za mama mukwe, na kumsemesha siwezi, na nikikohoa ataniuliza nani, na uchi ule. Nikavuta miguu, nikavuta pazia, nikanyamaza.

Akaingia na mtoto mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Alikuwa anamnong'oneza mtoto. "Kesho tutapanda treni, bwana wangu, weye na mama yako. Kule kwetu maji hailale."

Hapo moyo wangu ukaanguka hata kabla ya maji. Maji yakafuata. Alimwaga beseni zima ndani ya lavabo, na kwa kuwa sifoni nilikuwa nimeishika mimi, na ndoo ya kukingia ilikuwa kando, yote yakapita kwenye bonde yangu inayong'aa yakanishukia utosini, ya uvuguvugu, meusi, yana harufu ya majani, na mengine nikayameza. Akashangaa, nadhani, kuona yamekwenda haraka hivyo, akafungua bomba aongeze. Hapo nikapiga chafya.

Maji yalikuwa yanatoka chini ya pazia, na kwenye maji kulikuwa na vidole vyangu vya mguu.

"Mwizi! Mwizi ndani ya nyumba ya mutoto wangu!"

Simlaumu. Vidole vya mguu havina jina. Wanawake wakaja mbio, mchi mbele, muntu akavuta pazia, pazia likakatika, na hapo ikaja ile picha niliyowapa mwanzoni. Mama mukwe akasema "Yee" kwa sauti ndogo sana, akafunika uso kwa kitambaa cha mtoto, akageukia ukuta. Wanawake wakageuka pia, ila mabega yao yalikuwa yanatetemeka, na si kwa baridi. Albertina akafika akijishika kiuno. Akanitazama, akaitazama suti kwenye msumari.

"Muzee Salumu amehamia chini ya lavabo?" akauliza.

Kisha kicheko kikamshinda, akatoka na wanawake wake, na nilimsikia uani akisema jamani niacheni, nitapasuka, nimezaa juzi tu.

Tukabaki watatu, mimi, mama mukwe na mtoto mkononi mwake. Mama mukwe hakuweza kutoka kwa sababu akigeukia mlango angeniona, na mimi sikuweza kusimama kwa sababu yeye alikuwa pale. Nikanyoosha mkono nikalifunga bomba, likabaki linadondoka.

Halafu nikasikia, "Ilunga." Alikuwa anasema na mtoto, uso ukutani. "Ilunga, ambia baba yako avae suruali."

Nikavaa. Nikasema, "Ilunga, ambia kambo yako nimevaa." (Kambo ndiyo nyanya, huku kwetu.)

"Ilunga, uliza baba yako anatafuta nini kule chini siku ya Mungu."

Hapa ningeweza kudanganya. Lile jani lilikuwa pale mkononi, ningelisema lenyewe tu, na pengine angenisikitikia. Nikasema, "Ilunga, ambia kambo kwamba baba yako ni muntu wa mabomba na bomba lake limeziba. Alionywa achukue bonde nyeusi ya mnyororo, akachukua inayong'aa. Na kilichoziba ni ndevu zake."

"Si majani yangu?"

Alisahau kumpitia mtoto. Tuliogopa sote wawili, yeye akajiinamia, mimi nikatazama sakafu, lakini swali lilikuwa limekwisha kutoka na linangoja.

"Jani ni moja," nikajibu.

Akavuta pumzi. Kisha akamrudia mtoto, polepole. "Ilunga, ambia baba yako nilifikiri ni mimi nimeziba. Siku tatu maji ya majani namwaga inje, kwa shimo, niliogopa kumuharibia kitu chake. Leo uani kulijaa bantu, njo sababu nilimwaga huku."

Siku tatu yule mama alikuwa anabeba beseni kwenda nje kwa ajili ya lavabo yangu, na siku zile zile tatu mimi nilikuwa namhukumu. Nikarudi chini, nikaitoa ile fimbo, nikachomoa kizibo, nikakwangua, nikarudisha sifoni, nikakaza. Kwa kazi hii lazima muntu mmoja amwage maji juu na mwingine atazame chini kama bomba linavuja, na mtu wa juu alikuwa mmoja tu.

"Ilunga, uliza baba yako nimwage ao ningoje."

"Ambia kambo amwage kidogo."

Akamwaga kidogo. Kisha mengi. Maji yakazunguka, yakanywewa na tundu kwa mlio mmoja wa koo, yakaenda. Halikudondoka hata tone moja. Ilunga mwenyewe, mjumbe wetu, alikuwa amelala tangu zamani.

"Ilunga," akasema, "ambia baba yako kesho arudishe hii ya kung'aa, alete ile nyeusi na munyororo wake. Mwaka kesho weye utasimama hapa, utafika kimo cha hii lavabo, utavuta kila kitu. Fimbo utaivunja."

Nilibaki chini na funguo mkononi. Mwaka kesho. Hapa. Nikaomba mtoto arudie, lakini mtoto alikuwa amelala, na kambo yake hakurudia.

Jumatatu akapanda treni peke yake. Wanawake walipokuwa wanafunga mizigo, Albertina aliniambia kwamba mama yake ameomba kile kizibo kinachong'aa, nikampa kwa mkono wa Albertina, na ameenda nacho Kabalo ndani ya kitambaa. Sijui anawaonyesha bantu na kuwaambia nini. Pengine namna inavyoonekana akili ya mkwe wake, na hatakuwa amekosea.

Bonde nyeusi ndiyo iko pale mpaka leo. Nanyoa ndevu uani, juu ya beseni. Na nimejiwekea neno: nikiwa chini ya kitu chochote na nikasikia ndala zinakuja, ndala za nani nisijali, nitasema niko hapa.