Yule Mzee Aliyeongoza kwa Masikio

Nilimwendesha yule Muingereza siku nyingi huku Omani, Nizwa na Al Hamra, siku moja mpaka Sur bila ya sababu, maana hakuweza kutulia. Alikuwa muongozaji wa michezo ya jukwaani na sinema, mtu wa heshima kwao, na amekuja kutengeneza sinema aliyosema ndiyo yake ya mwisho. Mimi skuli niliiacha Unguja darasa la nne, Kiingereza nimekiokota karakana, lakini tulisikilizana.

Garini alinipa maisha yake. Alianza kwa kuvuta pazia. Mchezo wake wa kwanza walikuja watu kumi na mmoja, na wawili ni mama yake na shangazi yake. Baadaye ukumbi ukawa unajaa, na sinema zikaja akiwa mtu mzima.

"Jukwaani nilikaa safu ya nyuma, nimefumba macho," akaniambia. "Muigizaji muongo unamsikia kabla hujamuona."

Al Hamra, juu ya dari ya nyumba ya udongo, akaniuliza yule mwanamke wa ng'ambo ya njia amevaa nguo gani. Nikatazama. Hapana mwanamke, ni blanketi limeanikwa ukutani.

"Macho yangu yamekwenda," akasema. "Bibi asijue. Akijua, ataleta mwengine amalizie kazi yangu."

Bibi ndiye msimamizi wa kazi nzima, Muingereza vilevile, anatembea kama anafukuzwa. Nikawa sina raha. Nakaa, nasimama. Mke wangu nikamwambia, akasema, "Wewe mtu wa siri gani? Binti yako hata hajaposwa, ushautangazia mtaa harusi."

Kweli, nilitangaza. Lakini hayo mengine.

Asubuhi moja bibi akaja nyumbani kwangu Nizwa. Hata hajakaa vizuri: "Nipe khabari za mzee. Mzima?"

Sasa, huku kwetu mgeni akiuliza khabari, la kwanza unamjibu hapana khabari, kheri tupu, hata kama nyumba imeungua. Unaleta tende, unamimina kahawa, anauliza tena, hapo ndipo unasema lililopo. Hivyo ndivyo nilivyozoea, ulimi umekwenda wenyewe.

"Hapana khabari," nikasema. "Kheri tupu."

"Nashukuru. Nilikuwa na wasiwasi." Akainuka, akatoka. Mimi nimesimama na mdila wa kahawa mkononi.

Mke wangu nyuma ya pazia: "Umemdanganya."

"Sijamwambia kitu bado."

"Basi mfuate, bwana."

Nikafika mlangoni. Gari yake ipo, yeye anazungumza kwa simu. Ningeweza kungoja amalize. Sikungoja, nikarudi ndani. Kwa hivyo sisemi ni mazoea peke yake.

Siku ya mwisho ya kupiga picha, bibi amekwenda Maskati. Muigizaji mtu mzima, mama wa Kiomani, yuko dirishani, anaambiwa mwanawe anarudi. Mara ya kwanza hakujibu kitu. Akacheka kwa macho tu, na kidevu kikamtetemeka. Nilishika ukuta. Mzee, aliyekuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, akasema, "Tena. Hapana kitu pale."

Vijana wa kamera wakatazamana. Nani amwambie? Mama wa watu akarudia, safari hii akaguna, akavuta pumzi, sauti nzuri, uso mtupu kama sahani. "Hiyo ndiyo," mzee akasema.

Tukaondoka. Tumeshaiacha Al Hamra nyuma, akauliza, "Ilikuwaje?"

Nikamwambia. Kidevu, macho, vijana wa kamera, vyote.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Gari zikatupita, nami nimepunguza mwendo.

"Ningeichukua ile ya pili," akasema. "Ningeitupa ile nzuri, na ingekuwa jina langu."

"Ndiyo, bwana."

"Maskati mbali?"

"Kiasi saa mbili."

"Twende. Nitamwambia bibi mwenyewe, atafute mtu mwenye macho achague. Usisimame popote, maana nikishuka nitabadilisha niya."