Vipande Viwili vya Doti ya Mama

Darasa niliishia la tatu, lakini jina la kanga halinipiti. Gazeti nalisoma kwa kukwama kila mstari; kanga naitazama mara moja tu, nakwambia imeandikwa nini, nani aliivaa na kwenye shughuli gani. Doti ya mama yetu iliandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Ilikuwa nyekundu ya pilipili iliyoiva, pindo nyeusi.

Mama ndiye aliyenifundisha kufua, kule Kinole, kwenye kijito kilichopita chini ya migomba yetu. Kanga mpya, alisema, siku ya kwanza usiitie sabuni. Iloweke kwenye maji baridi na konzi ya chumvi, peke yake, rangi ishike. Ukiisuuza usiinyonge kama shingo ya kuku. Ibonyeze maji yatoke, igeuze ndani nje, uianike kivulini penye upepo. Na ukitaka kumenya ndizi mbichi, vua kanga nzuri ujifunge kuukuu, maana utomvu wa ndizi hautoki. Nilibisha nikiwa msichana. Nilisugua kwa limau, nikasugua kwa majivu, na nguo ile mpaka imekuwa tambara la kudekia, doa lilikuwa palepale.

Ila neno alilolirudia kuliko yote ni hili: "Doti ni mapacha. Ukivaa kipande kimoja, fua vyote viwili." Mimi niliona kazi bure, kufua nguo safi.

Mama alipofariki, baada ya arobaini, doti ile tuligawana mimi na dada yangu, kila mtu kipande. Tuliona tumetenda haki. Dada alikuwa ameolewa Mgeta, akapanda mlimani na chake. Mimi nikashuka na changu mjini Morogoro. Changu nilikiweka kwenye sanduku la bati, na karafuu kavu nilizofunga kwenye kitambaa ili wadudu wasisogee. Kila masika ikiisha nilikitoa kipigwe na upepo, kwa sababu unyevu ule huleta ukungu wa vidoadoa, na ukichelewa umeliwa. Kisha nilikikunja upya, kwa mikunjo mingine, kisije kikakatikia pale pale. Sikukivaa hata siku moja. Nilijisifia sana moyoni.

Likizo iliyopita mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alikuwa mwali. Nyumba yetu mwali hutolewa na doti ile, kipande kiunoni, kipande mabegani. Binti yangu alitoka nayo, mama akiwa hai, na mama alituusia kwamba wote wanaofuata watoke nayo. Zikiwa zimebaki siku nne, dada akateremka na lori la kabichi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nipe chai kwanza, dereva wa leo anaendesha kama amefumaniwa."

Akanywa, akacheka, kisha akafungua mfuko wa rambo, akatandika kipande chake mkekani. Nami nikatandika changu pembeni.

Chake kilikuwa rangi ya tofali la zamani, pindo imekuwa majivu, jina unalisoma kwa kuinama. Changu kama kimetoka dukani asubuhi ile.

"Jamani, hizi si doti moja," binti yangu akasema.

"Ni moja. Mimi ndiye niliyeikata," dada akajibu.

Jirani mmoja aliyekuja kusaidia kupepeta mchele akadakia, "Bibi, hicho ulikuwa unadekia?"

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Nimebebea wajukuu sita mgongoni. Nimekizungusha ngata kichwani nikishusha karoti mpaka barabarani. Nimejifunika nikiwa na homa. Wewe chako umekifanyia nini?"

"Nimekitunza!"

"Umekizika."

Binti yangu akataka kutuliza: "Basi, mama mkubwa, tununue mpya. Sokoni zimejaa."

"Sawa. Atoke na mpya. Mimi nitakaa huko nyuma na wapishi." Akaanza kukunja kipande chake taratibu, akakirudisha kwenye rambo. Namjua dada yangu. Akipanda kwao kwa aibu, hateremki tena kuja kwangu, na tumebaki wawili tu.

Nikawaza rangi ya kuchovya. Lakini kuchovya ni kuchemsha, na kipande cha dada kingechanika kama karatasi. Rangi iliyokwenda hairudi. Iliyobaki ndiyo inayoweza kuifuata.

Nikachukua changu nikaenda nacho kwenye karo. Nikafanya yote mama aliyonikataza. Maji ya moto. Sabuni ya mche, povu zito. Nikakipiga kwenye sementi, na pigo la kwanza liliniuma kama nimempiga mtoto. Wekundu ukatiririka kama juisi ya rozela. Nikakianika uso nje kwenye jua la saa saba, kikikauka nakilowesha tena.

Dada alikuwa mkekani ananitazama. Siku ya kwanza aliendelea kupepeta mchele. Siku ya pili akasema, "Piga, piga, hicho bado kina kiburi." Siku ya tatu akainuka, akashika ncha ya pili, tukakikamua kwa kukinyonga, wazee wawili tunavutana uani kama watoto.

Havikulingana. Changu kilibaki chekundu kidogo.

"Hiki bado kijana," dada akasema. "Changu kikae kiunoni, kijifiche."

"Hapana. Chako kitakaa mabegani."

Ndivyo mwali alivyotoka, kazi ya dada yangu iko juu, mbele ya watu wote, na dada yangu mwenyewe ametangulia akipiga vigelegele. Kama kuna waliosema, sikuwasikia.

Kesho yake tulifua vyote viwili kwenye beseni moja, maji baridi, tukavianika kivulini. Dada alipopanda lori la kurudi Mgeta nilimkabidhi doti nzima. Nilimwambia avae, asije akaiweka sandukuni, na akivaa kipande kimoja afue vyote viwili.