Neno la Siri la Mzee Anyelwisye

Mzee Anyelwisye wa kijiji cha Masoko hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, na wa kwanza kukuambia hivyo angekuwa yeye mwenyewe. Noti aliikunjua, akaiinua juani, akaikwaruza kwa ukucha. Ng'ombe wa kununua alimkamua kwa mkono wake kabla hajataja bei. Wanunuzi wa parachichi waliopanda huko na magari yao walimwogopa, maana alikuwa na jiwe moja nyumbani ambalo uzito wake aliujua, na mizani yao ilipimwa kwanza kwa jiwe hilo ndipo tunda liguswe. Walimwita mbishi. Yeye alilipokea jina hilo kama zawadi.

Kuna jambo moja tu ambalo hakulibishia, nalo ni adabu ya wakwe. Kwa wazazi wake, mkamwana hakuonana uso kwa uso na baba mkwe, wala hakulitaja jina lake, wala jina la baba wa mkwe huyo. Siku hizi wengi wameacha. Utawakuta wakwe wanakula meza moja na kuangalia mpira pamoja, na mbingu haijaanguka. Mzee Anyelwisye alisema hao wamepotea, na akaendelea na ya kwake.

Bahati yake, mwanawe Hosea alioa katika nyumba iliyolelewa hivyo hivyo. Agness, au Mama Lugano kama walivyomwita nyumbani, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kisiba, aliishi katika nyumba ndogo upande wa pili wa ua, na Hosea mwenyewe alikuwa migodini Geita. Mzee akikohoa njiani, Agness alikwepea migombani. Agness akitoka kisimani, Mzee aligeukia ukuta na kuusoma kama gazeti. Maneno yote kati yao yalibebwa na mke wa Mzee, Elina, ambaye watu walimwita Mama Hosea. Usidhani walichukiana. Mkungu bora wa ndizi ulipelekwa nyumba ndogo kila mara, na kila jioni chai ya maziwa ilirudi nyumba kubwa, imekolea tangawizi kama Mzee alivyoipenda. Ila alikuwa hajauona uso wa huyo mwenye chai, na wala haikumsumbua.

Kilichomsumbua ni macho ya Mama Hosea. Ukungu ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto. Mwaka huu alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe, kisha anacheka peke yake ili mumewe asiseme kitu. Mzee hakucheka. Usiku alimsikia akipapasa ukuta kutafuta mlango, na moyo ulimuuma. Daktari wa Mbeya alisema ni mtoto wa jicho, utafanyika upasuaji, ataona. Siku ikapangwa, Jumatatu, na fedha za parachichi za msimu mzima zikalala benki kuisubiri.

Hiyo benki ilikuwa na mambo yake. Hosea alipokuja likizo alimpeleka baba yake kwenye tawi la pale Tukuyu, wakamfungulia huduma ya kuingia kwenye akaunti kwa simu, akiwa nyumbani kwake. Dada wa kaunta, Janeth, mtu wa Singida asiyejua kucheka ovyo, alimweleza taratibu.

"Mzee, chagua neno moja la kwako. Ukiandika jina lako kwenye ukurasa wetu, kabla hujaweka namba ya siri, neno hilo litatokea hapo juu. Ukiliona, ujue uko kwetu. Usipoliona, hata kama rangi ni yetu na alama ni yetu, usiweke namba. Hata nikikupigia mimi, usiweke."

Mzee alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Lilifanana na lile jiwe lake. Akafikiri neno gani lisingeweza kuvuja nyumbani kwake, na jibu likaja bila jasho: Ambokile, jina la marehemu baba yake. Mama Hosea alikuwa mkamwana wa Ambokile, hakuwahi kulitamka tangu aolewe. Agness ndiyo kabisa. Siri ambayo wanawake wa nyumba hawawezi kuitaja hata wakiijua! Alitoka benki amejiona mjanja kuliko benki yenyewe.

Basi, Jumamosi alasiri, mvua imekatika na matone yanadondoka migombani, meseji ikaingia. Agness ndiye aliyeiona kwanza, kwa sababu simu ya Mzee ilikaa dirishani kwake. Hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Ukiisogeza hatua chache, umepoteza kila kitu. Mama Hosea akavuka ua kwa kupapasa, akamletea mumewe habari barazani.

"Mama Lugano anasema benki wameandika. Akaunti yako inafungwa leo usipoingia kuihakikisha. Wameweka na mahali pa kubonyeza."

Mzee akasimama, akakaa. Leo? Benki imeshafunga mpaka Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo wanatakiwa Mbeya. "Wafunge kwa nini? Nimewakosea nini?"

"Hajui. Anauliza abonyeze?"

"Mwambie abonyeze, aniambie anaona nini."

Mama Hosea akarudi, akasimama katikati ya ua ili asichoke kwenda na kurudi, na kazi ya mchana huo ikaanza. Agness anasema kwa sauti ya chini dirishani, Mama Hosea anapokea na kupaza mpaka barazani, Mzee anajibu, jibu linarudi. Ukurasa umefunguka. Rangi ni ya benki. Alama ya benki ipo. Unataka jina la mteja. Aliandike? Aliandike. Ameandika. Sasa unataka namba ya siri, na kuna saa ndogo inahesabu kurudi nyuma.

"Inahesabu nini?" Mzee akauliza.

"Anasema ikiisha, akaunti inafungwa."

Hapo kichwa cha Mzee kikavurugika. Dada wa Singida hakumwambia habari za saa. Lakini hakumwambia pia kwamba haipo. Pengine wameiongeza. Pengine ndiyo namna yao ya kuwafukuza wateja wazembe. Akajikumbuka: neno! Jiwe lake!

"Muulize, hapo juu pametokea neno gani?"

Kimya. Mama Hosea aligeuza sikio kwenye dirisha, na dirisha halikusema.

"Hajajibu," akapaza.

Mzee akavuta pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu meseji iingie. Atajibuje? Jina la Ambokile liko mbele ya macho yake, na yeye ni mkamwana aliyelelewa! Angelitaja, huyo ndiye wa kutilia shaka. Kimya kile kilikuwa ushahidi mtamu kuliko neno lenyewe.

"Sawa," akasema. "Mwambie nimeelewa. Aandike namba."

Namba ya siri ikavuka ua kwa sauti ya Mama Hosea, tarakimu moja moja, na yeyote aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa uzio angeweza kuichukua bure. Mzee hakuliona hilo. Mbishi yule wa mizani alikuwa amelewa ujanja wake mwenyewe.

Ilipobaki tarakimu ya mwisho, dirisha likasema kitu.

"Mama Lugano anasema neno halipo," Mama Hosea akapaza. "Hosea alipokuwa hapa alimwonyesha ukurasa, palikuwa na neno juu. Leo anasema halioni."

Mzee akasita. Halioni? Kisha akajijibu. Huyu mtoto ana adabu iliyozidi. Amebanwa aseme, ameona aibu kukaa kimya tena, basi anaona heri aseme hakuna. Mbona hata Mama Hosea, enzi zile, akiulizwa baba mkwe yuko wapi, alisema hajui huku anamwona?

"Nimeelewa, nimeelewa! Mwambie aendelee."

"Anasema kweli halipo."

"Ndiyo, halipo! Aendelee!"

Lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. Kama lipo, atasema halipo. Kama halipo, atasema halipo. Akilijaribu huku linamrudi, akilijaribu kule linamrudi. Siri aliyoichagua ili isitoke ndani ya nyumba ilikuwa haitoki kweli, hata kwake. Akamtazama mkewe pale katikati ya ua, kichwa kimeinama upande, macho meupe yanaelekea mahali ambapo hakuna mtu, akisubiri aambiwe nini cha kupaza. Fedha zikifungiwa, macho yale yatabaki hivyo. Zikiibiwa, yatabaki hivyo vilevile. Akaogopa. Ndiyo, Mzee Anyelwisye aliogopa, na hakujua aogope upande upi.

"Saa inakaribia kuisha, anasema," Mama Hosea akapaza.

Mzee alifungua kinywa kuitaja tarakimu ya mwisho. Ndipo akasikia mlango wa nyumba ndogo, na nyayo kwenye matope, nyepesi, za haraka, zikija upande wake. Kwa mazoea akageukia ukuta. Nyayo hazikukwepa. Zilifika mpaka chini ya baraza, na mtu akapiga magoti.

"Baba," ilisema sauti ambayo hajawahi kusemeshwa nayo. Ilikuwa inalia. "Baba, nisamehe. Ambokile."

Mzee alihisi ukuta umemsogelea.

"Ambokile," ikarudia. "Nimelitaja. Lingekuwa pale ningelitaja hivihivi. Halipo, baba. Pale juu ni peupe."

Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Jina la baba yake, uani, kinywani mwa mkamwana! Alitaka kufoka, na neno la kufokea halikuja, maana nyuma ya hasira kitu kingine kilikuwa kinaingia polepole. Mtu anayeweza kulitaja hapa, magotini, hakushindwa kulitaja dirishani kwa sababu ya adabu. Alishindwa kulitaja kwa sababu hakuliona.

"Funga," akauambia ukuta. "Kafunge hiyo simu."

"Nimeshaifunga, baba."

Mama Hosea alikuwa amejishika kifua. Agness bado yuko magotini, mwalimu mtu mzima, analia kama aliyevunja chungu cha watu, na kwa kipimo cha nyumba ile alikuwa amevunja kikubwa kuliko chungu. Mzee alimsikia, akaona aibu. Alimfanya mtoto wa watu achague kati ya adabu yake na macho ya mama mkwe wake, kisha akakaa barazani akijisifu.

Hakugeuka. Lakini alimjibu moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

"*Ndaga fijo*, asante sana, mwanangu," akasema. "Umetuokoa. Simama, matope hayo."

Jioni ile chai ilikuja kama kawaida, na kikombe kilirudi nyumba ndogo kikisindikizwa na yule tetea mwekundu ambaye Mzee alikuwa amegoma kumuuza. Mama Hosea alimkabidhi bila maelezo, na Agness hakuuliza.

Jumatatu, kabla ya safari ya Mbeya, walipita Tukuyu. Janeth aliisoma meseji ile uso umekunjamana. Haikutoka kwao, na ukurasa ule haukuwa wao. Tarakimu ya mwisho ingeingia tu, msimu mzima wa parachichi ungeondoka. Fedha zilikuwepo zote. Akambadilishia namba ya siri papo hapo, akauliza kama abadilishe na lile neno, aweke jepesi ambalo kila mtu nyumbani anaweza kulisema.

Mzee alifikiri muda mrefu mpaka watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna.

"Hilo liache," akasema.

Bandeji zilipotolewa, Mama Hosea aliomba kwanza aonyeshwe wajukuu, kisha mlima, kisha mikunjo ya uso wa mumewe, ambayo alisema imeongezeka bila ruhusa yake. Siku moja Mzee akataka kuona fedha zilizobaki. Safari hii alikwenda mwenyewe nje ya dirisha la nyumba ndogo, akasimama akiwa ameligeuzia mgongo. Agness alifungua ukurasa, akaandika jina la mteja, akaiacha simu kizingitini mwa dirisha na kurudi ndani. Mama Hosea, aliyekuja na mumewe, akaiinamia.

"Lipo?" Mzee akauliza.

Hakujibiwa. Akageuza shingo. Mke wake alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, ameinamisha uso, na macho yake mapya yanacheka na kuona haya kwa pamoja, kama siku aliyoletwa hapo nyumbani.

"Lipo," Mzee akasema. Akamsogelea mpaka sikioni, akaanza kumtajia namba ya siri kwa kunong'ona.