Pampu ya breki za dizeli, injini ya mbio, na mama mkwe wa Mbooni

Wakuu, salamu kutoka Wote, ambako jua linatuchoma lakini bado tunacheka.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayeuliza kama inafaa kufunga vacuum pump ya crankcase kwenye gari lake la mbio. Mmemjibu kwa picha za vifaa vinavyong'aa kutoka ng'ambo.

Mimi nilifunga moja miaka ya themanini, na haikung'aa hata kidogo. Najua humu ndani chumvi huwa nyingi, lakini hii naileta kama ilivyotokea. Mashahidi wangu ni kilima kizima.

Wakati huo nilikuwa fundi Mtito Andei, karakana ndogo nyuma ya petrol station. Rafiki yangu Mutinda alikuwa na gari dogo la Kijapani aina ya saluni, injini ya 1600, alilolitengeneza kwa mashindano. Carburettor mbili kubwa, camshaft kali, compression ya juu. Hakukuwa na mlima Ukambani uliomtisha.

Shida ilikuwa moja tu. Lilivuja mafuta mpaka aibu.

Kwa wasiojua: kwenye injini kali, sehemu ya ule moto wa juu hupenya kando ya pistoni na kushuka hadi kwenye chumba cha mafuta, ndiyo crankcase. Presha ikijaa huko inatafuta pa kutokea, na inatoka na mafuta kupitia kila sili, ile mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Nilibadilisha sili mpaka nikachoka. Haikusaidia.

Sasa, Mutinda alikuwa anamtaka Mwende, binti wa mzee mmoja wa kanisa kule Mbooni.

Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha, aliegesha uani, uwanja umefagiwa vizuri. Gari likaacha kidimbwi cheusi. Kuku wa nyumba hiyo akapita ndani ya kidimbwi, akaingia sebuleni, akatembea juu ya vitambaa vyeupe vya viti. Kiti hadi kiti. Mimi sikuwepo, lakini Mutinda alinisimulia akiwa ameshika kichwa.

Mzee alimwambia hivi: "Kijana, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hiyo gari ikiacha hata tone moja hapa kwangu tena, hizo mbuzi zako utarudi nazo."

Mbuzi aliosema ni wa ntheo. Kwetu bila hao, hata mkifunga harusi ya kanisa yenye kwaya tatu, bado hamjaoana.

Nilimshauri aende na gari la kuazima. Akaniambia mzee amelikataa hilo mapema. Anataka kuona lile lile, kwa sababu gari la kuazima halimwambii chochote kuhusu mkwe wake.

Basi kazi ikaniangukia mimi.

Mutinda alikuwa amesoma kwenye gazeti kuukuu la magari kwamba huko nje injini za mbio hufungwa pampu ya kunyonya ile presha ya crankcase. Ringi za pistoni zinakaa vizuri, mafuta hayatoki, na nguvu inaongezeka kidogo. Mimi nikacheka. Pampu hiyo tungeitoa wapi, Mtito?

Halafu nikaacha kucheka. Nyuma ya karakana kulikuwa na pickup ya dizeli iliyopinduka. Na mafundi mnajua, dizeli haina uvutaji wa kutosha wa kusaidia breki, kwa hiyo hufungwa pampu ndogo nyuma ya alternator. Kazi yake ni kunyonya hewa tu. Haijali inanyonya kutoka wapi!

Tukaing'oa na alternator yake. Nikachomelea bracket, nikaifunga kwenye mkanda wa injini. Nikavuta laini nyembamba ya mafuta ya kuilainisha, maana ikikauka inakufa. Hose ya kunyonya nikaipeleka kwenye rocker cover, kile kifuniko cha juu ya injini. Ile ya kutema nikaiingiza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani nimeweka steel wool ili mafuta yabaki humo na hewa itoke.

Kisha nikaziba kila tundu. Kifuniko cha mafuta, tundu la dipstick ya kupimia mafuta, kila mahali nimevisha mpira wa tyubu. Niliziba kwa hasira.

Tulijaribu barabara ya Mombasa, tambarare. Tukajaribu kupanda mlima, mguu chini kabisa. Nikalala chini ya gari na tochi. Kukavu! Na lilivuta kuliko zamani, naapa. Tulikumbatiana kama wachezaji mpira.

Sasa hapa ndipo penye kosa, wakuu, na ni kosa la watu wa milimani. Sisi gari tunalipima kwa kupanda. Kushuka nani anapima? Kushuka hata mkokoteni unashuka.

Siku ikafika. Mutinda na mimi mbele kwenye gari, wajomba zake na mbuzi nyuma kwenye pickup nyingine. Tukapanda Mbooni bila wasiwasi.

Lakini nyumba ya mzee iko chini ya barabara, njia imeinama kama ngazi. Mutinda akaweka gia ya kwanza, akaachia pedali ya mafuta, injini ikawa inashikilia gari.

Fikirieni. Injini inazunguka kwa kasi, pampu inanyonya kwa nguvu zote, na pistoni hazishushi presha yoyote kwa sababu petroli imefungwa. Kila tundu fundi ameziba. Hewa ikaanza kujilazimisha kuingia kupitia sili ya crankshaft, na ile sili ikapiga mayowe.

Si mluzi. Ni mayowe ya mtu mzima. Uuuuuuuiiii, kuanzia barabarani mpaka chini.

Na kwetu nduru ikipigwa, watu hutoka. Huulizi ni nani, unachukua kilicho karibu unakimbia. Walitoka na majembe, na fimbo, mmoja na mwiko wa ugali. Kutoka shamba la juu, shamba la chini, na ng'ambo ya mto.

Wa kwanza kufika alikuwa mama yake Mwende, na ndoo ya maji. Alidhani gari linaungua. Akaimwaga yote juu ya boneti, mvuke ukapanda, na ulipotulia, yeye na Mutinda walikuwa wanatazamana uso kwa uso.

Kwa wageni: kwetu kuna nthoni. Mwanaume na mama mkwe hawakutani hivyo, wakionana njiani mmoja anaingia kichakani. Mama huyo alikuwa ameokoka miaka mingi, lakini nthoni ilibaki pale pale. Alijifunika kichwa chote na leso, akageuka, akaenda jikoni kinyumenyume akigonga kila kitu.

Mutinda alizima injini. Nilimwonea huruma sana.

Mzee akaingia ghalani. Alileta gunia jeupe, safi, akalitandika chini ya injini. Halafu akasema, "Kwanza tunywe chai."

Wakuu, sijawahi kunywa chai ndefu namna hiyo. Kilima kizima kimekaa uani na majembe yao, macho yote kwenye gunia.

To!

Tone moja. Kila mtu aliliona. Mjomba wa Mutinda akaanza kutafuta kofia yake, na Mwende akaingia ndani.

Mzee akainama taratibu. Akaligusa kwa kidole, akanusa. Akaweka kwenye ulimi.

"Ni maji," akasema. "Ni maji ya mama yenu!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mbuzi wakashushwa, na wale waliokuja kuzima moto wakawa mashahidi wa ntheo.

Niliporudi Mtito nilitengeneza valvu ndogo ya kuruhusu hewa kidogo uvutaji ukizidi: goroli ya bearing na spring ya kalamu. Mayowe yakaisha kabisa. Nikajiona bingwa.

Haukupita muda Mutinda akarudi amenuna. Alishuka kwa wakwe kimya kimya, mama hakusikia kitu, wakagongana tena uso kwa uso kwenye kona ya zizi. Mama alimtuma Mwende na ujumbe: "Mwambie arudishe ile kelele. Nitajuaje kwamba anakuja?"

Nikamfungia choke cable ya zamani kutoka kwenye valvu hadi kwenye dashboard. Akifika juu ya ile njia anavuta, valvu inafungwa, gari linapiga nduru mpaka chini, mama anaingia jikoni kwa heshima zake. Kilima kikazoea, hakuna aliyetoka tena na jembe. Hata watoto waliiita hodi ya Mutinda.

Kijana mwenye uzi, jibu langu ni hili. Funga, inafaa. Lakini weka relief valve, kama ile yangu ya goroli, na ujaribu gari likishuka.

Wenye uzoefu, leteni yenu hapa chini. Na kama mkwe wako ni wa Ukambani, nunua na cable kabisa.