Kiti cha Baba Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kwa muda mrefu sikutaka kumsimulia mtu. Tulikuwa tunakaa Toongabbie, hapa hapa Sydney, nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya juu, na Ambokile, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa ametimiza miezi kumi. Mzito kama gunia la viazi, na hatulii. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, najiona najua kila kitu. Leo mnaniita mama mkubwa, nami sikatai, lakini siku ile nilikuwa mjinga wa kutupwa.

Mwezi mmoja kabla ya hapo baba mkwe wangu alikuja kutoka Tukuyu kumwona mjukuu. Wewe umezaliwa huku, kwa hiyo lazima nikueleze. Kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na kiti anachokalia mzee yeye hakigusi. Wengi siku hizi wamelegeza, na mume wangu aliniambia nisijisumbue, Sydney si Tukuyu. Nikakataa. Nilitaka mzee akirudi nyumbani aseme kwamba mke wa mwanawe amekwenda mbali lakini hajaharibika.

Sasa, nyumba nzima ilikuwa na kiti kimoja tu cha maana, chenye mikono na mgongo mrefu, na ndicho nilichokuwa nanyonyeshea tangu Ambokile azaliwe. Mzee alipofika tulimkalisha hapo, mimi nikahamia chumbani, ukingoni mwa kitanda. Hapakuwa na pa kuegemea, na kitanda kilikuwa kimeinuka juu, miguu haikanyagi chini vizuri. Mtoto nilimpakata kama kichanga wakati miguu yake imeshapita paja langu inaning'inia. Na kwa kuwa mikono ilichoka kumpandisha, nilikuwa nainama mimi kumfuata, mara sita, mara saba kwa siku.

Kinachonitia aibu mpaka leo ni kwamba kazi yangu ilikuwa kutunza wazee, kwenye nyumba moja upande wa Quakers Hill, na mimi ndiye niliyewaelekeza wafanyakazi wapya namna ya kumwinua mtu bila kuumiza mgongo. Msogeze karibu na mwili wako, nawaambia, usimwinamie, tafuta pa kuegemea. Nikirudi nyumbani najikunja kama ndoano. Bega la kulia likaanza kuuma, ikafuata shingo, kisha vidole vikawa vinakufa ganzi. Sikumwambia mtu. Nikaanza kupanga moyoni kumwachisha mtoto ziwa, na kila nikiwaza hivyo nalia, maana yeye hakuwa tayari wala mimi sikuwa tayari. Kumwomba mzee kile kiti, hilo halikunijia kabisa kichwani.

Jumamosi hiyo mume wangu alikuwa kazini mjini. Mchana nikakaa ukingoni mwa kitanda kama kawaida, Ambokile ananyonya huku anajipinda, anataka kuona kila kinachopita dirishani. Mkono ukafa ganzi. Nilijua umekufa ganzi, mwanangu, nikasema ngoja amalizie kidogo. Akajirusha nyuma, nami sikuwa na mkono wa kumdaka. Alianguka kwenye zulia akitanguliza uso.

Nikapiga yowe. Mzee alibisha hodi mara moja tu, akaingia. Baba mkwe wangu, chumbani kwangu, nami kifua wazi! Alimwokota mtoto, akamfuta damu mdomoni kwa leso yake, akageukia ukutani hadi nilipopata kanga ya kujifunika.

"Mama Ambokile," akasema, "njoo sebuleni."

Nikamfuata. Akanionyesha kile kiti.

"Kaa."

"Baba, siwezi."

"Nimesema kaa, binti yangu. Mtoto anataka ziwa."

Nikakaa na mtoto mapajani. Akaleta mito miwili, mmoja nikauweka mgongoni, mwingine chini ya kiwiko. Akaburuta sanduku lake la safari akaliweka chini ya miguu yangu. Halafu akachukua kiti cha mezani, akakipeleka dirishani, akakaa akinipa mgongo. Alisema yote akiwa ametazama nje.

"Mwezi mzima nasikia mlango wa chumbani unafungwa. Nikadhani ndio utaratibu wa huku. Kumbe ulikuwa unanikimbia mimi."

Nikamsogeza Ambokile karibu na ziwa.

"Mama yake mumeo alinyonyesha watoto saba. Alikuwa anakaa jikoni kwenye kigoda, mimi niko kwenye kiti. Mgongo ulimuuma mpaka siku aliyofariki, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza ulianza lini. Mila ilinikataza kumtazama mkamwana. Haikunikataza kumuuliza mke wangu. Heshima yako nimeiona. Nimeiona sana. Ila usinipe tena heshima ya kumwangusha mjukuu wangu."

Nililia, na nikaona mabega yake yeye pia yanatikisika. Ambokile alinyonya mpaka akasinzia. Mume wangu aliporudi tulimpeleka mtoto kwa daktari jioni ile ile, akamchunguza vizuri, akakuta ni mdomo tu uliochanika. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale mbele ya daktari.

Tangu siku hiyo, mtoto akianza kulialia, mzee alikuwa anainuka mwenyewe, bila neno, anakwenda kukaa dirishani na kunipa mgongo. Sikumtazama usoni hata siku aliyoondoka. Ganzi iliisha baada ya wiki chache, na Ambokile alinyonya hadi akatimiza miaka miwili. Kule kumwachisha nilikokuwa nakuogopa kulikuja wakati wake, kwa amani.

Ninayasimulia haya kwa sababu Jumapili iliyopita baada ya ibada nilikuona kwenye benchi la nyuma na huyo mtoto wako wa miezi tisa, umejikunja, bega moja juu, meno umeyauma. Nikakuuliza kama unaumia. Ukanijibu, "I'm fine, Aunty." Mwanangu, nami nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Basi nisikilize. Kabla hujafungua kifungo, kaa kwanza wewe. Mgongo uegemee, miguu ikanyage kitu, hata kama ni sanduku. Shusha mabega. Mlete mtoto kwenye ziwa, usiiname kulipeleka ziwa kwake. Na mto uchukue uzito, usiuache wote mkononi. Huyo si kichanga tena. Nesi wa kliniki alinionyesha kumkalisha Ambokile juu ya paja, miguu huku na huku, akinitazama, ajibebe mwenyewe huku nimemshika mgongoni, nikashangaa kwa nini nilijitesa vile. Badilisha upande. Ganzi ikikujia usiseme amalizie kidogo, mweke mtoto mahali salama kwanza. Na maumivu yakikaa siku mbili tatu, nenda kwa daktari, usiende kwa mtandao.

Lakini hayo yote yanaweza kuelezwa na nesi yeyote. Langu ni hili: sema. Ukihitaji kiti, kiombe, hata kama aliyekikalia ni mkweo, hata kama ni mchungaji. Mimi nilikuwa nimeshamhukumu mzee wa watu kwamba atakasirika, wakati sikuwahi kumpa nafasi ya kunihurumia. Aliishi na jambo la marehemu mkewe moyoni miaka yote ile, na nusura nimwongezee la pili.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe maziwa na usingizi, amkuze mtoto wako mikononi mwako bila kuteleza, na akuzungushie watu watakaokuuliza unaumwa wapi, nawe akupe moyo wa kuwajibu kweli.